Soma Namba Kabla ya Rangi: Namna ya Kuzitambua Tramu za San Francisco

Aibu yangu ya kwanza niliipata kwenye kituo cha Jones na Beach, karibu na Fisherman's Wharf. Mpwa wangu alikuwa amekuja kutembea kutoka Morogoro, nami nikajitia mwenyeji. Mbele yetu ilisimama tramu ya rangi ya chungwa na krimu, yenye ukanda wa fedha ubavuni, namba 1059. Nikamwambia, "Hii imetoka Boston."

Dereva alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kiswahili hakijui, lakini neno Boston alilisikia. Akacheka, akatikisa kichwa. Gari hilo, alisema, halijawahi kukanyaga Boston. Limeundwa St. Louis, limefanya kazi Philadelphia, na hiyo Boston ni koti tu.

"Mjomba," mpwa wangu akaniangalia, "si ulituambia wewe ni fundi rangi?"

Ni fundi rangi kweli. Nimepuliza rangi kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, miaka kumi na mmoja, na sasa nafanya kazi hiyohiyo Oakland, ng'ambo ya ghuba. Gerezani tulikuwa tunapokea mabasi ya mitumba kutoka Japani. Unapiga msasa, unaziba kwa puti, unapiga praima, unapuliza rangi mikono miwili, mwenye basi anaondoka anachekelea. Jua likilipiga miezi sita, maandishi ya Kijapani yanaanza kuchungulia chini ya nyeupe yako kama kovu. Mtu wa kazi hiyo kudanganywa na koti la tramu ni aibu, na ndiyo iliyonifanya nizifuatilie Jumapili baada ya Jumapili. Ukifika San Francisco na una nusu siku, fanya hivi.

Panda F, usipande kamba

Tramu ninazozisema ziko kwenye laini ya F. Inaanzia Castro, inateremka Market Street yote, inafika Ferry Building, kisha inafuata Embarcadero kando ya maji mpaka Fisherman's Wharf. Wageni wengi huzichanganya na yale magari madogo yanayopanda vilima vya Powell. Yale huvutwa na kamba ya chuma inayopita chini ya barabara, nauli yake inauma, na foleni yake ndiyo usiseme. F inakula umeme wa waya wa juu, na nauli yake ni ileile ya basi la mjini. Kadi ya nauli ya hapa, Clipper, inatosha.

Laini yenyewe ni mtoto wa dharura. Mwaka 1982 magari ya kamba yalifungwa kwa matengenezo makubwa, na watu wa biashara wakaingiwa na hofu kwamba watalii watakosa cha kuchezea. Kuanzia kiangazi cha 1983 wakatoa tramu kuukuu za kila namna zikatembea Market Street, na kila kiangazi mpaka 1987 zikarudi. Watu wakazipenda kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 1 Septemba 1995 F ikaanza rasmi, na Machi 2000 ikafikishwa Wharf.

Mahali pa kukaa ni pawili. Jones na Beach ndiyo mwisho wa laini, tramu zinasimama kupumua, kwa hiyo una muda wa kuzizunguka na kuziangalia kwa karibu. Ferry Building zinapita zikienda na kurudi, unaona nyingi kwa muda mfupi. Kutoka Ferry Building vuka barabara mpaka Steuart Street, kuna makumbusho madogo ya reli ya mjini, kuingia ni bure. Jumuiya ya wapenda tramu inayoyaendesha ina pia ramani hai mtandaoni inayoonyesha gari lipi liko wapi dakika hiyo. Ifungue kwenye simu kabla hujatoka kitandani. Kama gari unalolitaka limelala gereji, badilisha mpango, usije ukalisubiri kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahirisha safari.

Namba

Namba iko puani na ubavuni. Isome kwanza, rangi iache.

Kuanzia 1050 hadi 1063 ni magari yaliyofanya kazi Philadelphia, ya mwaka 1947 na 1948. Kuanzia 1070 hadi 1080 ni ya Newark, New Jersey, ila huko nako yalifika yakiwa mtumba: yaliundwa kwa ajili ya Minneapolis na St. Paul miaka ya 1940, Newark ikayanunua miaka ya 1950 mwanzoni. Namba za chini yake, 1006 mpaka 1011 pamoja na 1015, ndizo wenyeji halisi, zilizonunuliwa mpya na San Francisco mwaka 1948. Utazijua hata bila namba kwa sababu zina pua mbele na nyuma, hazihitaji kugeuza. Na 1040 ni ya hapahapa pia, ya mwaka 1952, gari la mwisho la aina hii kuundwa Marekani. Ukikutana na namba ya 1800 na kitu, huyo ni Mtaliano, nitamfikia.

Aina yenyewe inaitwa PCC. Miaka ya 1930 makampuni ya tramu ya Marekani yalikuwa yanabanwa na magari ya watu binafsi, wakuu wao wakaunda kamati, ndiyo iliyoipa aina hii jina la PCC, ya kubuni gari moja la kisasa ambalo mji wowote ungeweza kuliagiza. La kwanza kubeba abiria lilikuwa Brooklyn mwaka 1936. Hapo ndipo penye siri ya F. Bodi ni moja, mviringo uleule, mstari wa chini ya dirisha uleule, kwa hiyo sare ya mji wowote inakaa sawasawa kama imeshonwa na fundi. Fikiria Hiace za Dar: gari moja, kilichokuwa kinatofautisha ya njia hii na ya njia ile ni mstari wa ubavuni. Kenya nao walipoamuru mstari wa njano kwenye matatu zote mwaka 2004, mafundi rangi walikula vizuri.

Rangi za mji wenyewe

Anza na hizi, maana ndizo zina historia ya San Francisco hasa, na watalii wengi wanazipita wakikimbilia zile zinazowaka.

Zamani kabisa ni kijivu. Tarehe 28 Desemba 1912 mji ulifungua shirika lake la usafiri, Muni, la kwanza kumilikiwa na umma katika mji mkubwa Marekani, na meya James Rolph mwenyewe akaishika tramu namba 1 akaiendesha. Namba 1 bado ipo. Imerudishwa kwenye kijivu chake cha meli ya vita na maandishi ya dhahabu. Haitoki kila siku. Ukiiona, simamisha mambo yako yote.

Muni haikuwa peke yake barabarani. Market Street ilikuwa na reli nne sambamba, za ndani za kampuni binafsi iliyoitwa Market Street Railway, za nje za Muni, na tramu zilikuwa zinafukuzana kwa kelele ambayo wazee wa hapa bado wanaisimulia. Sasa jiweke wewe abiria, jioni, ukungu umeshuka, una tiketi ya kampuni moja. Unahitaji kujua kwa mbali gari linalokuja ni la nani. Kampuni binafsi ikapaka nyuso za magari yake nyeupe ili zionekane gizani, ikajivunia mpaka ikachukua hataza ya uso mweupe. Nimepaka magari mengi maishani na sijawahi kufikiria kwamba nyeupe ya puani inaweza kuwa mali ya mtu.

Gari namba 1011 limevaa sare ya kampuni hiyo. Ukilipanda, kumbuka kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo ilimwajiri binti wa miaka 16 aliyeng'ang'ania ofisini kwao mpaka wakachoka. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa kondakta wa tramu San Francisco. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Maya Angelou. Mpwa wangu nilipomsimulia alikaa kwenye lile gari safari nzima bila kutoa simu mfukoni.

Mwaka 1939, mwaka wa maonyesho makubwa ya Treasure Island, Muni ikaacha kijivu ikavaa buluu na dhahabu. Ilinunua magari matano mapya ya mviringo yaliyopewa jina la zulia la kichawi kwa jinsi yalivyokuwa yanateleza. Hayakuwa PCC kisheria, kwa sababu katiba ya mji ilikataza kulipa ada za hataza za watu. Buluu na dhahabu hiyo utaiona kwenye 1010, na kwenye 130, gari la mwaka 1914 lenye madirisha mengi na sauti ya mbao. Hilo 130 lilikuwa liangamizwe mwaka 1958. Msimamizi wa karakana, Charles Smallwood, alilificha katikati ya vyuma vingine mpaka watu wenye akili wakarudi.

Mwaka 1944 Muni ikaimeza kampuni binafsi. Baada ya vita ikaja kijani na krimu yenye mabawa, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana hii ndiyo sare ninayoipenda. Tafuta 1006 au 1040. Simama mbele, kidogo upande wa kulia. Krimu imekaa kwenye madirisha, halafu inapofika puani inateremka pande zote mbili, inajikunja, inaishia kwa ncha nyembamba kama bawa la ndege aliyetua. Mstari huo unapita juu ya bati lililojipinda pande mbili kwa pamoja. Maskintepu, ule utepe wa karatasi wa kuzuia rangi isivuke mstari, haipendi mpindo wa namna hiyo. Ukiivuta inyooke, upande mmoja unakunjamana, na rangi inapenya chini yake. Ni lazima uibandike kidole kwa kidole, na uibandue rangi ikiwa haijakauka kabisa, pole pole, ukiirudisha juu ya mgongo wake. Ukichelewa, inatoka na ukingo wa rangi kama ganda la yai. Nilichelewa mara moja Gerezani kwenye basi la harusi, na tajiri wa gereji alinikata nusu ya pesa. Sikumlaumu sana.

Baada ya hapo kapande 1051. Ni kijani na krimu ileile, ya miaka ya 1960, lakini mabawa hayapo. Mstari umenyooka tu kuzunguka gari. Jicho langu la fundi linaniambia mara moja kilichotokea: mtu fulani ofisini alihesabu saa za kubandika maskintepu. Gari hilo limetolewa kwa heshima ya Harvey Milk, diwani aliyekuwa na duka la kamera pale Castro na aliyeuawa Novemba 1978. Ndani kuna picha na maelezo yake.

Miaka ya 1970 ikaja nyeupe na rangi ya machweo, kazi ya ofisi ya Walter Landor, ambaye pia ndiye aliyechora ile nembo ya Muni inayojinyonganyonga kama mnyoo. Nembo naikubali. Rangi za machweo kwenye bodi la mviringo hazikukaa, maoni yangu hayo.

Makoti ya miji mingine

Hapa ndipo watu wanapofurahi, na ndipo nilipojikwaa. Magari yaliyobaki yamepakwa sare za miji iliyowahi kuwa na PCC. Kwa hiyo kila gari liulize maswali mawili: umevaa koti la nani, na wewe mwenyewe umetoka wapi? Jibu la kwanza limo kwenye bango dogo ndani, juu ya madirisha. La pili unalo tayari kwenye namba.

Mara chache majibu mawili yanakutana. 1055 imevaa kijani na krimu ya Philadelphia, na imetoka Philadelphia kweli. 1071 imevaa njano na kijani ya Minneapolis na St. Paul, miji iliyoiagiza. Hayo mawili napenda kuyapiga picha yakiwa yanapishana, ila inahitaji bahati.

Mengine mengi ni makoti ya kuazima. 1057 ni njano kali yenye mistari mitatu ya kijani, ya Cincinnati, naiita nyuki. 1061 ni nyekundu na chungwa ya Pacific Electric, kampuni ya Los Angeles iliyojulikana kwa magari mekundu. 1058 ni Chicago, ambako PCC waliziita nyigu wa kijani. 1074 ni maruni na krimu ya Toronto.

Simama kwanza kwenye hiyo ya Toronto, kwa sababu inafungua hadithi ya nyingine nyingi. Toronto ilikuwa na PCC 745, kundi kubwa kuliko yote, na 205 kati ya hizo ilizinunua zikiwa mtumba. Miji ya Marekani ilipokuwa inang'oa reli zake miaka ya 1950, Toronto ilikuwa inapita na gunia: 52 kutoka Cincinnati, 75 kutoka Cleveland, 48 kutoka Birmingham, 30 kutoka Kansas City. Zote zikavuliwa koti, zikavaa maruni. Mexico City nayo ilichukua za Detroit na za Minneapolis. El Paso ikachukua za San Diego. Miji hii yote sasa iko F kwa rangi, inafuatana kwenye reli moja bila kujua kwamba iliuziana nguo.

Ukikutana na 1077, ya Birmingham, Alabama, kaa nyuma. Mji ule ulitenga viti kwa sheria, weupe mbele, weusi nyuma. Magari 48 yaliyouzwa Toronto yaliacha utaratibu huo mpakani, bodi lilelile, vyuma vilevile. Na usidhani San Francisco ilikuwa safi. Mwaka 1863 Charlotte Brown, binti mweusi, alishushwa kwa nguvu kwenye tramu ya farasi ya mji huu. Alikwenda mahakamani akashinda. Haya yote hayaonekani kwenye rangi, ndiyo maana nakwambia usome na bango.

Mtaliano

Magari yenye namba 1800 na kuendelea ni ya Milan, ya mwaka 1928. Ni ya mstatili, yana viti vya mbao vinavyotazamana, na breki zake zinalia mpaka meno yanauma. Mchoro wake una jina la Peter Witt, aliyekuwa mkuu wa usafiri wa Cleveland. Yaani wazo lilitoka Marekani, likaenda Italia, likarudi Marekani likiwa mtumba.

Milan ilibadili koti lake mara tatu, na hapa F makoti yote matatu yapo: njano na nyeupe ya mwanzo, kijani mbili zilizofuata, na chungwa ya miaka ya 1970. Chungwa ndiyo nyingi. Ukifanikiwa kuziona zote kwa siku moja umeona historia nzima ya rangi ya mji mwingine bila kupanda ndege.

Kupiga picha usidanganywe na simu

Simu zinapenda kunogesha rangi. Maruni inatoka nyekundu, krimu inatoka nyeupe, na ukirudi nyumbani huwezi kujua uliona nini. Ninachofanya ni kubeba karatasi nyeupe ya kawaida. Picha ya kwanza ya kila gari naishika karatasi hiyo ionekane pembeni, kwenye mwanga uleule. Baadaye nikirekebisha picha, nairekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe, na rangi nyingine zinafuata zenyewe.

Usiende saa sita mchana. Jua la Market Street linapiga upande mmoja na majengo yanatia kivuli upande wa pili, unapata gari lenye rangi mbili ambazo fundi hakuzipaka. Asubuhi ya ukungu ndiyo yenyewe. Mwanga unakuja kutoka kila upande na kila kasoro inajionyesha: puti iliyozama, rangi iliyochuruzika, tepu iliyobanduliwa kwa haraka. Ukimaliza gari zima, piga moja ya karibu kwenye ukingo ambapo rangi mbili zinakutana. Hiyo ndiyo picha utakayoirudia.

Siku kavu, uliza kama mashua ipo barabarani. Ni tramu ya Blackpool, Uingereza, namba 228, ya mwaka 1934, haina paa kabisa, imepakwa kijani na krimu na ina umbo la boti. Mvua ikinyesha haitoki. Ikitoka, vaa sweta, hata kama ni Julai.

Mpwa wangu alirudi Morogoro. Mwezi uliopita alinitumia picha kutoka stendi ya Msamvu, basi jekundu jipya kwa macho, na mshale ameuchora kwa kidole kuelekea juu ya mlango wa kati, ambapo herufi tatu za Kijapani zimeanza kujitokeza. Chini ameandika, "Mjomba, huyu fundi ni wewe?"